Akina Mama Wana Nafasi Zao

Mkutano uliitishwa kipindi cha mbalamwezi, kama ilivyo desturi ya mialo ya dagaa, yaani fukwe ambako wavuvi wanashusha samaki. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinapata kushonwa na kila mtu anapatikana. Ukitaka kuwakuta wavuvi, matajiri wao na akina mama wa dagaa wamekaa pamoja, subiri siku hizo.

Mwalo wenyewe uko upande wa Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Jina lake naliacha, kwa sababu kilichotokea pale kingeweza kutokea Kayenze, Igombe, Ukerewe au Sengerema, na watu wa pale ni watu ninaosalimiana nao kila wiki.

Ajenda ilikuwa moja: kuchagua kamati mpya ya BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni. Afisa uvuvi akasoma mwongozo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuusoma mialo yote ya kata. Kamati iwe na wajumbe 9 hadi 15. Wenye vyombo wawemo, wavuvi wawemo, wachuuzi wawemo. Wanawake wasipungue 3. Kisha akasema tuanze na mwenyekiti.

Kijana mmoja anayeshona nyavu akanyoosha mkono, akamtaja mama mmoja aliyekaa mbele, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Hakuwa anatania. Mama huyo ana mitumbwi miwili na chanja za kuanikia dagaa ndefu kuliko za wenzake, na nusu ya waliokaa pale wamewahi kukopa kwake mafuta ya injini. Ugomvi wa bei ukitokea, anaitwa yeye. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kunyoosha mkono kuonyesha kwamba amekubali.

Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Akina mama wana nafasi zao! Tusichanganye mambo."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, kilikuwa cha watu wanaoona jambo limepata jibu lake. Mama akashusha mkono, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Basi, niandikeni huko huko." Vigelegele. Akapita bila kupingwa. Uenyekiti akachukua mwanaume ambaye, kwa taarifa zangu, bado anadaiwa na huyo mama fedha ya injini.

Hakuna sheria iliyovunjwa, wala mtu aliyetukanwa. Wanawake walitakiwa 3, wakapatikana 3.

Hapo ndipo paliponikaa rohoni wiki zote hizi.

Hesabu ya mwenyewe

Nilimfuata baadaye kwenye chanja zake. Alikuwa anageuza dagaa kwa mikono, anatoa majani na vijiti, anatazama mawingu upande wa Ukerewe. Mvua ikikuta dagaa mbichi, mzigo wa binadamu unageuka chakula cha kuku na bei inaanguka. Kwa hiyo tulizungumza yeye akiwa ameinama, mimi nikimfuata pembeni.

Nikamwuliza kwa nini alishusha mkono.

Nilitegemea aseme wanaume wamemzuia, au mume hataki, au ameona aibu. Hakusema hata moja.

"Mwanangu, ningegombea uenyekiti nikashindwa, wangekuwa wameshaandika akina mama wengine watatu. Ningebaki nje kabisa. Sasa niache cha uhakika nikimbilie cha kubahatisha?"

Nikanyamaza. Ni hesabu safi ya mfanyabiashara, na nilivyoigeuzageuza usiku ule sikuona kosa lake. Ilibidi nianze kujiuliza swali jingine. Siku zote tunabishana kama nafasi za wanawake ni nzuri au mbaya. Yule mama hakuwa na tatizo na nafasi yenyewe. Tatizo lake lilikuwa jinsi ilivyopangwa: imewekwa kando, imetengwa na ushindani, na inamgharimu kila anayetaka kuiacha.

Kutoka pale mchangani mpaka bungeni Dodoma ni mbali, lakini mpangilio ni uleule.

Septemba, Oktoba, kisha mwaka uliofuata

Nchi hii imepita kwenye mageuzi makubwa mara mbili, na mara zote mbili wanawake waliyabeba.

Mara ya kwanza mnaijua. Bibi Titi Mohamed alianza kuongoza sehemu ya wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru, mwaka 1955, akazunguka nchi kuwaandikisha watu kadi. Uhuru ukaja, na mwaka 1962 ikaundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanzania, yeye akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Uchaguzi wa 1965 akapoteza ubunge Rufiji.

Mara ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi yake ni ya huku kwetu ziwani na hatuisimulii.

Vyama vingi vilirudi kisheria mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza ukapangwa Oktoba 1995. Mwezi mmoja kabla, Septemba, dunia nzima ya wanawake ilikutana Beijing. Aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano ule ni Getrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Mtoto wa kisiwani, aliyekwenda shule kwa kuvuka maji, ndiye aliyebeba mkutano wa Umoja wa Mataifa ambao mpaka leo serikali zinaulizwa zimeutekeleza vipi. Baadaye akawa mbunge wa Ukerewe kuanzia 2000 hadi 2010, na mwaka 2004 rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Ukishuka Nansio leo ukamtaja, wazee watakuambia "Mama Beijing" kabla hujamaliza jina.

Kipindi kilekile, mama mwingine wa ziwani, Anna Tibaijuka wa Muleba, alikuwa anaongoza Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA. Wazo lake lilikuwa jipya kwa wakati ule: wanawake wa vyama vyote, na wasio na chama, wawe na chombo chao kisicho chini ya chama chochote, na wawapime wagombea kwa wanayoyasema kuhusu maji, mirathi, ardhi na watoto.

Mwaka 1996 BAWATA ikasimamishwa. Mwaka 1997 ikafutwa, kwa madai kwamba inafanya kazi za chama cha siasa. Wakaenda Mahakama Kuu. Hukumu ya kusema kwamba kufutwa kule kulikiuka Katiba ilitoka mwaka 2009.

Miaka kumi na zaidi. Kufikia hapo, chombo kilikuwa kimekufa.

Sasa weka pembeni yake hesabu nyingine. Viti maalum vya wanawake bungeni: asilimia 15 mwaka 1995, asilimia 20 mwaka 2000, asilimia 30 mwaka 2005, mwaka ambao nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, zilikuwa zimeahidiana huko Blantyre 1997 kwamba ndio utakuwa ukomo wa kufikia hiyo 30. Viti vinapanda ngazi kwa ngazi, huku chombo cha wanawake cha kujitegemea kikipigwa danadana mahakamani.

Sisemi kuna mtu alikaa mezani akapanga hivyo. Sina ushahidi, na sipendi simulizi za namna hiyo. Ila ukiyasoma mambo mawili haya pamoja unaona mageuzi yale yalikuwa na mkono wa kutoa na mkono wa kushika. Wanawake waliongezewa viti. Kura ya kuvipata ikabaki ndani ya vyama.

Wajumbe

Wasomaji wa blogu hii mnajua jinsi viti maalum vinavyopatikana, kwa hiyo sitakaa hapo. Chama kikipata angalau asilimia 5 ya kura za wabunge, kinapewa viti kwa uwiano wa kura zake, kinapeleka orodha yake Tume ya Uchaguzi, basi. Mimi na wewe hatupigi kura yoyote kwa jina la mwanamke huyo. Wanaompigia ni wajumbe wa vikao vya chama, na tangu kura za maoni za 2020 za kuteua wagombea, Watanzania wameshakubaliana kwamba wajumbe si watu wa kuaminika.

Matokeo yake ni madogo madogo lakini yanajumlishwa. Mbunge wa viti maalum hawezi kuteuliwa Waziri Mkuu, kwa sababu Katiba inataka Waziri Mkuu atoke jimboni. Mfuko wa kuchochea maendeleo ni wa jimbo, kwa hiyo akija kwenye mwalo wetu kuahidi choo cha kisasa au sehemu ya kuanikia dagaa, anaahidi kwa mfuko wa mtu mwingine. Na chama kikimfukuza uanachama, kiti kinajazwa kutoka orodhani. Mbunge wa jimbo naye akifukuzwa anapoteza ubunge, ni kweli, lakini angalau jimbo linaulizwa upya.

Hapa inabidi niwe mwangalifu, maana ni rahisi kuvikejeli hivi viti, na wanaovikejeli sana huwa ni wanaume wasiotaka kuona mwanamke jimboni pia.

Chukua Ester Bulaya. Aliingia bungeni 2010 kwa viti maalum vya CCM. Mwaka 2015, akiwa CHADEMA, akasimama Bunda Mjini, jimbo la huku huku ziwani, akamwangusha Stephen Wasira, mtu aliyekuwa kwenye siasa tangu enzi za Mwalimu. Bila ile miaka mitano ya viti maalum, angekuwa na jina la kusimama mbele ya mzee yule? Nina mashaka. Mwaka huohuo Angeline Mabula akashinda Ilemela, na baadaye akawa Waziri wa Ardhi. Kwa hiyo anayesema wapiga kura wa Kanda ya Ziwa hawachagui mwanamke, hajasoma matokeo.

Lakini hadithi ya Bulaya haikuishia 2015. Mwaka 2020 alirudi Dodoma kwa viti maalum tena, akiwa mmoja wa wale wanawake 19 wa CHADEMA walioapishwa huku chama kikisema hakikuwateua. Chama chao kikawafukuza, wao wakaenda mahakamani, na Bunge likaendelea nao. Mnakumbuka makelele yale. Mimi sikutaka kuchagua upande, na bado sitaki. Nilichokiona ni wanawake waliowahi kupigiwa kura na maelfu ya watu majimboni, sasa uhalali wao unabishaniwa kwa swali la nani alisaini orodha na nani alikuwa na mamlaka ya kuisaini. Mpiga kura wa Bunda hakuwa na la kusema hata kidogo.

Bunge lile la 2020 lilikuwa na viti maalum 113. Wanawake waliotoka majimboni, kati ya majimbo 264, hawakufika 30. Na hii ni nchi iliyokuja kuwa na Rais mwanamke na Spika mwanamke kwa wakati mmoja.

Kila ninapoiangalia hesabu hiyo nasikia ile sauti ya nyuma kwenye mkutano.

Ng'ambo

Ziwa ni moja, nchi tatu, na kila nchi ilipofungua siasa zake ilijibu swali hili kivyake. Nilianza kulifikiria hivyo kwenye soko la Mwaloni Kirumba, nikimsikiliza mama wa Kenya aliyekuja kununua dagaa. Alikuwa anajisifu kuhusu gavana wao wa Homa Bay, Gladys Wanga.

Mimi nikasema si huyo alikuwa viti maalum?

Akanikatiza. "Hapana! Tulimpigia kura sisi. Kaunti nzima."

Ana haki. Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka wawakilishi wa wanawake 47, mmoja kila kaunti, na kila mpiga kura wa kaunti, mwanaume na mwanamke, anapiga kura hiyo. Wanga alikuwa mwakilishi wa Homa Bay kuanzia 2013. Alipogombea ugavana mwaka 2022, wapiga kura walikuwa walewale, mipaka ileile, vijiji ambavyo alishatembea. Kiti cha wanawake kilimpa mafunzo ya kazi aliyokuwa anaielekea.

Sasa usidhani Kenya wameshamaliza. Katiba yao inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, Bunge likashindwa mara kwa mara kutunga sheria ya kutekeleza, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa.

Uganda walianza mapema kuliko sote. Tangu 1989 kila wilaya ina mbunge wake mwanamke. Mwanzoni alichaguliwa na jopo la viongozi, kuanzia 2006 anapigiwa kura na watu wote wa wilaya. Rebecca Kadaga, mbunge mwanamke wa Kamuli, alikalia kiti cha Spika kuanzia 2011 hadi 2021. Lakini Uganda ndiyo inayonitia baridi zaidi. Yoweri Museveni yuko madarakani tangu 1986. Kumbe nchi inaweza kujaza wanawake bungeni na Ikulu isibadilishe mpangaji. Wilaya mpya ikizaliwa, kiti kipya cha mwanamke kinazaliwa, na shukrani zinaenda kwa aliyeizalisha wilaya.

Nilikaa na wasiwasi huu siku kadhaa, kwa sababu unaharibu hoja nzuri. Nilitaka kusema: tupigiane kura wenyewe, mambo yatakuwa sawa. Uganda wanapigiana kura wenyewe. Kura peke yake haitoshi kama nafasi yenyewe ni zawadi.

Pamoja na hayo, bado nachukua ya Homa Bay kuliko ya kwetu. Yule mama wa dagaa wa Kenya anajua jina la mwakilishi wake na anaweza kumnyima kura. Mimi wa kwangu nilimtafuta kwenye simu kabla ya kuandika makala hii.

Rasimu

Jambo ambalo watu wamelisahau ni kwamba tuliwahi kuwa na jibu letu wenyewe, na lilitoka kwa mtu wa Bunda.

Rasimu ya pili ya katiba mpya, ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013, ilipendekeza kila jimbo litoe wabunge wawili, mwanamke na mwanaume, wote wa kupigiwa kura na wananchi. Viti maalum vya wanawake vife.

Nilipoisoma wakati ule nilipita haraka kwenye ibara hiyo, kama wengi. Sote tulikuwa tunabishana Muungano uwe na serikali mbili au tatu. Ugomvi huo ulimeza kila kitu: baadhi ya wajumbe walitoka nje ya Bunge Maalum la Katiba, Katiba Inayopendekezwa ikapita bila wao, ikakabidhiwa Oktoba 2014 ikiwa bado na ahadi ya usawa wa hamsini kwa hamsini, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Bado tunaisubiri.

Fikiria ile ibara ingekuwepo. Kijana anayeshona nyavu angekuwa na karatasi mbili mkononi. Na mwenye ile sauti ya nyuma asingeweza kusema wanawake wana nafasi zao, kwa sababu nafasi hiyo ingekuwa yake pia, anaijaza yeye, na mwanamke angelazimika kuja kumwomba kura kwa mambo ya nyavu, mafuta na leseni, siyo kwa khanga za Siku ya Wanawake. Mgombea mwanamke asingepambanishwa na uhakika wake mwenyewe. Asingekuwa na cha kuacha.

Nilimpelekea afisa uvuvi swali dogo zaidi, lisilohitaji katiba mpya. Je, mwongozo wa BMU unasema mwanamke akiwa mwenyekiti hahesabiwi katika wale 3?

Akacheka. Unahesabu wote. Kinachotakiwa ni wasipungue.

Basi kwa nini tusichague nafasi zote kwanza, kila mtu agombee anachotaka, halafu mwisho tuhesabu wanawake, wakipungua tuongeze hadi idadi itimie? Anayeshindwa uenyekiti anabaki kwenye foleni ya ujumbe. Yule mama asingekuwa na hesabu ya kupiga.

"Hakuna kinachozuia," akasema. "Ni mazoea tu."

Nimelirudia jibu hilo kwa watu wengi, na wengi wananiambia nimefanya jambo kubwa kuwa la mpangilio wa ajenda. Pengine. Ila nimekaa kwenye mikutano ya kutosha kujua kwamba anayepanga ajenda ndiye anayeamua, na mara nyingi wanaume hawahitaji kumzuia mwanamke kama karatasi imeshamwelekeza pa kwenda.

Kikoba

Uchaguzi ujao umeshaanza kuzungumzwa, na kikoba cha akina mama wa mwalo ule, kikundi chao cha kuweka na kukopa, kina mjadala wake. Mwenzao mmoja, binti wa miaka thelathini na kitu, mchuuzi wa sato, anataka udiwani. Wote wanakubali achangiwe fomu na nauli. Wanachobishania ni achukue fomu ipi: ya kata, au ya viti maalum.

Mweka hazina hataki kusikia viti maalum. Anasema fedha ya kikoba haiwezi kwenda kwa wajumbe ambao kikoba hakiwajui, wanaotaka soda, nauli na bahasha, na ambao mgombea akiwa binti huwa wanataka na mengine. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, na kila mwanamke pale alielewa. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu chake, cha 25, lakini sijamwona mtu anayekwenda kushtaki wajumbe katikati ya kampeni.

Upande wa pili unaongozwa na yule mama mwenye mitumbwi miwili. Anasema kata ina wanaume wenye fedha, binti ataaibishwa majukwaani, ataitwa majina, na akishindwa atakuwa amemaliza jina lake na akiba ya wenzake. Aingie kwanza kwa viti maalum, watu wamzoee, miaka mitano ijayo aende kata. Akamtaja na Bulaya.

Binti mwenyewe anataka kata. Anasema wanaomdai maji na barabara ya mwalo ni watu wa kata, hao ndio anaowajua majina.

Mimi nimechangia upande wa kata. Diwani aliyepo ni jirani yangu, ananisalimia vizuri, na ameshasikia. Jumapili walikaa tena, hawakuafikiana. Mweka hazina amefunga sanduku na kusema halifunguliwi mpaka fomu zianze kutolewa.